Dublin, Rosslare au Belfast? Feri ipi ya kuvuka Bahari ya Ayalandi inakufaa

Kila inapokaribia Idi au Krismasi, swali huwa ni lile lile kwenye makundi yetu ya WhatsApp: "Feri ipi nafuu kwenda Uingereza?" Anayeuliza yuko Galway au Limerick, ana gari, watoto na mabegi yasiyopita kwenye ndege bila kulipiwa. Anayejibu hutuma picha ya risiti yake ya mwaka juzi. Nauli za feri hupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni, kwa hiyo risiti ya mwenzako haikusaidii kitu.

Mimi huanzia kwingine. Natazama karatasi za msafiri, kisha anakokwenda baada ya kushuka, kisha meli yenyewe. Nauli inakuja mwisho, kwa sababu tiketi ya bei ya chini inayokushusha saa sita za barabara kutoka kwa shemeji yako haina unafuu wowote.

Karatasi kwanza

Mwenye pasipoti ya Ayalandi au ya Uingereza aruke sehemu hii. Nchi hizi mbili zina makubaliano ya siku nyingi yanayoruhusu raia wake kusafiri, kuishi na kufanya kazi huku na huku bila viza. Sisi wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi tunayasikia makubaliano hayo tukadhani yanatuhusu. Hayatuhusu. Kadi ya ukaazi ya Ayalandi, ile IRP, inakuruhusu kukaa Ayalandi tu. Kuingia Uingereza unahitaji viza ya Uingereza, na ndugu yako wa Leicester akitaka kuja kukutembelea anahitaji viza ya Ayalandi, hata kama amekaa Uingereza miaka mingi. Ule mpango wa viza moja kutumika nchi zote mbili upo kweli, ila ni wa raia wa China na India.

Kinachowaponza watu ni kwamba mpaka wa ardhini hauonekani. Unatoka Dublin kwenda Belfast, mji wa Ayalandi ya Kaskazini ambayo ni sehemu ya Uingereza, alama za kasi zinageuka kutoka kilomita kuwa maili, na hapo hapo kisheria umeshaingia Uingereza. Hakuna kizuizi wala dirisha la kugonga muhuri. Ndiyo maana utasikia mtu akishauri, "Pitia Belfast, bro, hawaangalii." Maafisa wa uhamiaji hupanda mabasi na kukagua, na polisi huwa bandarini upande wa Uskoti na Wales. Hata wasipokukuta siku hiyo, umeingia nchi bila ruhusa. Anayesubiri uraia asicheze mchezo huo.

Kuhusu Ufaransa na Hispania, Ayalandi ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. IRP pekee haikufikishi Cherbourg, bandari ya feri ya Ufaransa. Unahitaji viza ya Schengen, na karatasi hukaguliwa kabla hujaingia melini. Tiketi ikishanunuliwa, kukataliwa kwako kupanda ni hasara yako.

Dublin kwenda Holyhead, njia ya wengi

Hii ndiyo njia kuu. Ni kama kilomita 110 za bahari, kutoka Dublin hadi kisiwa kidogo kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Wales. Kampuni mbili zinagombea abiria wale wale: Irish Ferries, iliyo chini ya Irish Continental Group ya Dublin, na Stena Line ya Wasweden wa Gothenburg. Zote zinavuka kwa muda wa saa tatu na robo hivi, na zote zina safari za mchana na za usiku. Ukilinganisha muda wa majini peke yake, hakuna mshindi.

Tofauti iko kwenye meli. Ulysses ya Irish Ferries iliundwa Rauma, Finland, ikaanza kazi mwaka 2001. Ina sitaha 12 na nafasi ya magari madogo 1,342, na imejijengea jina la kutoka hata siku ambazo nyingine zinabaki gatini. Stena Estrid ni ya mwaka 2020, iliundwa Weihai, China, na ina urefu wa mita 215. Mwenzake, Stena Adventurer, ni ya mwaka 2003. Estrid ina vioo vikubwa, nafasi wazi na sura ya hoteli mpya, na ukiwa na mtoto anayependa kukimbia utaipenda. Ulysses ni ya kizamani kidogo kwa mpangilio, lakini nzito, na siku ya upepo uzito wake unauhisi vizuri. Januari ningechagua Ulysses bila kuuliza bei. Juni ningechukua yoyote inayotoka saa ninayotaka.

Ipo ya tatu, Dublin Swift. Hii ni katamarani ya alumini iliyoundwa Australia mwaka 2001, ikatumikia jeshi la Marekani kwa miaka mingi kabla ya kununuliwa na Irish Ferries, na sasa inavuka kwa saa mbili na robo katika msimu wa joto tu. Waliowahi kupanda boti za Azam kutoka Dar kwenda Unguja wanaujua mwendo huo, maana nazo ni katamarani za Australia. Bahari ikitulia, raha tupu. Bahari ikichafuka, chombo hakipandi juu ya wimbi, kinalipiga, na mifuko ya karatasi inaanza kugawiwa. Pia ndiyo ya kwanza kufutwa upepo ukizidi. Kama una miadi isiyosogea, mathalani usaili au mazishi, usiitegemee.

Tamaa ya kasi iliwahi kufika mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1996 Stena ilileta Holyhead chombo kikubwa cha HSS Explorer, kikiendeshwa na mitambo ya gesi ya aina ile ya ndege, kikafika Dún Laoghaire, kusini kidogo ya Dublin, kwa dakika 99. Kilikunywa mafuta kupita kiasi. Mwaka 2014 kiliondolewa, na Dún Laoghaire, bandari iliyopokea wasafiri wa Uingereza kwa karibu karne mbili, ikabaki na mashua za starehe na watu wa kula aiskrimu Jumapili.

Kwa abiria wa miguu, Holyhead inazishinda zote kwa mbali. Kituo cha treni kimeungana na jengo la feri, na kuna tiketi moja ya treni na meli, SailRail, inayokutoa kituo chochote cha Uingereza hadi Dublin. Bei yake hupangwa kwa maeneo, haipandi kwa sababu umechelewa kununua, kwa hiyo aliyepata habari ya msiba leo na kusafiri kesho haadhibiwi. London hadi Holyhead ni karibu saa nne kwa treni. Ubaya wake uko usiku. Meli ya jioni kutoka Dublin hukushusha Holyhead usiku wa manane, na treni ya kwanza ni alfajiri. Katikati ya saa hizo kuna viti vya chuma na baridi. Bebeni shuka, na chai kwenye chupa.

Upande wa Dublin, bandari iko nje ya katikati ya mji na treni haifiki. Kuna basi, kuna teksi. Kutembea usijaribu, kwa sababu utapishana na malori njia nzima.

Kwa wenye gari, hasa wa mara ya kwanza, sitaha ya magari ndiyo inayowachanganya. Vijana wenye makoti ya njano wanakupungia mikono usogee, usogee tena, mpaka kioo chako cha pembeni kinakaribia kugusa cha jirani. Sakafu ni chuma kilicholowa, harufu ni ya dizeli, na minyororo ya kufungia malori inalia kila upande. Vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia, na zima kengele ya wizi, kwa maana meli ikianza kuyumba kengele zisizozimwa hulia zote kwa pamoja huku wenyewe wako juu wanakula chipsi. Kumbuka namba ya sitaha na rangi ya ngazi uliyopandia. Kisha toa kila unachohitaji, maziwa ya mtoto, dawa, chaja na sweta, kwa sababu milango hufungwa na huruhusiwi kurudi kwenye gari mpaka mmefika.

Chakula cha melini ni ghali, na asubuhi ni soseji za nguruwe mfululizo. Samaki na chipsi huwapo. Mwenye familia kubwa abebe chapati zake, hakuna anayekuzuia kula chakula ulichotoka nacho nyumbani.

Njia hii ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ulionekana Desemba 2024. Wakati wa dhoruba Darragh, gati la Holyhead liliharibiwa na bandari ikafungwa wiki chache kabla ya Krismasi. Vifurushi vilikwama, malori yakakimbilia Rosslare, Pembroke, Fishguard na Liverpool, na abiria waliokuwa na tiketi mkononi wakaambiwa watafute njia nyingine. Gati moja lilifunguliwa tarehe 16 Januari 2025, na la pili Julai mwaka huo. Tangu hapo nikikata tiketi ya majira ya baridi huwa nimeshajua njia ya pili ni ipi na inatoka saa ngapi. Bandari moja ikibeba sehemu kubwa ya abiria na mizigo ya nchi nzima, kufungwa kwake kunamgusa kila mtu.

Rosslare, kwa watu wa kusini

Rosslare iko pembe ya kusini-mashariki, mwendo wa saa mbili na zaidi kidogo kutoka Dublin. Irish Ferries inakwenda Pembroke, Wales, kwa saa nne hivi, Stena inakwenda Fishguard, huko huko Wales, kwa saa tatu na nusu hivi. Kwa anayekaa Waterford, Wexford, Kilkenny au Cork na anayekwenda Cardiff, Bristol au London, hapa ndipo mahali pake. Wa Galway asidanganyike na ramani. Barabara ya mwendokasi ya kwenda Dublin itamfikisha bandarini mapema kuliko barabara za kuzunguka hadi Rosslare.

Kati ya Pembroke na Fishguard, watu wengi huchagua Fishguard kwa ile nusu saa. Mimi naona nusu saa hiyo unairudisha barabarani. Kutoka Fishguard unaanza na barabara nyembamba za vijijini nyuma ya matrekta. Pembroke iko ndani ya hori refu la Milford Haven, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari meli imeshaingia kwenye maji yaliyokingwa, watoto wameacha kutapika, na unashuka ukiwa na akili zako. Upepo wa kusini-magharibi ndio unaotawala bahari hii, na mlango wa bahari wa kusini unaupokea moja kwa moja kutoka Atlantiki. Mtu anayechafukwa haraka akae sitaha ya chini, katikati ya meli, atafune tangawizi, asitazame simu.

Wa miguu huku wanapata tabu. Kituo cha treni cha Rosslare kipo, lakini treni ni chache na haziingojei meli. Kinachochekesha ni kwamba bandari yenyewe inaendeshwa na Iarnród Éireann, yaani shirika la reli.

Kaskazini: dakika chache baharini, saa nyingi barabarani

Hapa narudia: ni Uingereza tayari, viza iwe mkononi kabla hujavuka mpaka.

Kutoka Larne, P&O inavuka hadi Cairnryan, Uskoti, kwa saa mbili. Kutoka Belfast, Stena inavuka hadi Cairnryan hiyo hiyo, gati tofauti, kwa saa mbili na robo, na meli zake mbili, Superfast VII na VIII, zina nafasi na starehe zaidi ya European Causeway na European Highlander za P&O. Kwa mtu anayetoka Dublin, Larne ni nusu saa na ushee zaidi baada ya Belfast, kwa hiyo ile robo saa ya baharini haipo tena. Mimi ningechagua Belfast, isipokuwa kama tofauti ya nauli ni kubwa au ninakaa Ballymena.

Cairnryan inafaa kwa Glasgow, saa mbili hivi kwa gari. Kwa Manchester au Birmingham inachosha. Barabara ya A75 kuelekea Carlisle imejaa malori yaliyoshuka kwenye meli ile ile uliyoshuka wewe, na sehemu nyingi hupiti mtu. Treni haifiki Cairnryan. Ya karibu ni Stranraer, ilikokuwa bandari ya Stena mpaka ilipohamishwa mwaka 2011, kwa hiyo wa miguu hutegemea basi lililounganishwa na tiketi ya meli.

Njia ambayo watu wetu wengi hawaifikirii ni Belfast hadi Liverpool. Ni saa nane, na kwenye ratiba inaonekana ndefu kupita kiasi. Lakini Stena Edda na Stena Embla ni ndugu za Estrid, mpya, na zinatoka usiku. Unapakia watoto na nguo zao za kulalia, mnachukua kabini, mnalala, alfajiri mnashuka Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey kutoka Liverpool, na barabara kuu iko mlangoni. Anayekwenda Manchester, Birmingham, Coventry au Leicester anafika kabla ya chakula cha mchana akiwa hajasinzia kwenye usukani. Kabini inaongeza bei, kweli. Linganisha na mafuta, hoteli ya njiani na hatari ya kuendesha gari usiku wa manane kutoka Holyhead, na hesabu inabadilika. Kwa familia yenye watoto wadogo na viza ya Uingereza, hii ndiyo ninayoipendekeza kabla ya zote.

Bado kuna wanaoshauri ile ya Dublin hadi Liverpool ya P&O. Ilifungwa mwishoni mwa 2023 baada ya kukosa gati Liverpool. Malori ya mizigo bado yanapita njia hiyo kwa meli za kampuni nyingine, familia na gari lake haziwezi.

Ufaransa na Hispania moja kwa moja

Kabla ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, malori ya Ayalandi yalikuwa yakikatiza Wales na Uingereza hadi Dover, kisha Calais. Tarehe 1 Januari 2021 karatasi za forodha zilianza, na siku iliyofuata DFDS ilizindua njia ya Rosslare hadi Dunkirk, saa 24 hivi baharini, ili dereva asiguse ardhi ya Uingereza kabisa. Safari za moja kwa moja kutoka Rosslare ziliongezeka mara kadhaa, na msafiri wa kawaida naye akapata cha kuchagua.

W.B. Yeats ya Irish Ferries inatoka Dublin kwenda Cherbourg, kabini 440, mwendo wa usiku mzima na sehemu ya mchana. Brittany Ferries, kampuni iliyoanzishwa na wakulima wa Brittany waliotaka kuuza koliflawa zao Uingereza, inatoka Rosslare kwenda Cherbourg na Bilbao, na Cork kwenda Roscoff. Hiyo ya Cork iko tangu 1978. Ni ya msimu, ni saa 14 hivi, na meli yake Pont-Aven ina bwawa la kuogelea ndani. Kwa likizo ya familia naiweka Cork mbele. Bilbao ni zaidi ya siku nzima baharini na inapita Ghuba ya Biscay, ambayo ina sifa mbaya kwa haki yake. Usiku wa Novemba huko si wa kumpeleka bibi.

Kwa upande wa nauli, tangu 2024 meli kubwa zinalipia hewa chafu katika mfumo wa Umoja wa Ulaya, na malipo hayo yamepandishwa kwa hatua, asilimia 40 ya hewa hiyo mwaka wa kwanza hadi asilimia 100 ya ile ya mwaka 2026. Safari ya Dublin hadi Cherbourg, bandari zote mbili zikiwa ndani ya Umoja, inahesabiwa yote. Ya Dublin hadi Holyhead inahesabiwa nusu. Ukiona tozo ya mazingira kwenye risiti yako ya Ufaransa ni kubwa kuliko ya rafiki yako wa Wales, hujaibiwa.

Visiwani

Kwa matembezi ya ndani mambo ni mepesi. Visiwa vya Aran vinafikika mwaka mzima kutoka Ros an Mhíl, na kwa msimu kutoka Doolin, ambako boti hupita chini ya majabali ya Moher wakati wa kurudi. Magari hayavushwi, acha lako bandarini, ukodishe baiskeli Inis Mór. Na ukiwa unazunguka magharibi kati ya Clare na Kerry, kivuko cha Killimer hadi Tarbert kinakatisha mto Shannon kwa dakika 20 na kukuokoa zaidi ya kilomita 100 za kuzunguka kupitia Limerick. Waliozoea Likoni au Kigamboni watajisikia nyumbani, ila hapa foleni ni fupi.

Unachorudi nacho

Wengi huvuka ili kununua gari, kwa kuwa usukani ni kulia pande zote mbili na magari ya Uingereza yana bei nzuri tangazoni. Tangu 2021 gari linalotoka Uingereza bara, yaani Uingereza bila Ayalandi ya Kaskazini, linadaiwa VAT ya asilimia 23 linapoingia Ayalandi, na mara nyingi ushuru wa forodha wa asilimia 10, kisha kodi ya usajili, VRT, juu yake. Miadi ya ukaguzi inatakiwa ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu gari lifike, na usajili ukamilike ndani ya siku 30. Piga hesabu hiyo kabla ya kupiga simu kwa mwenye gari.

Nyama na vyakula vya maziwa kutoka Uingereza bara haviruhusiwi kuingia Ayalandi kwenye begi la msafiri. Ile tupawea ya sambusa ambayo shangazi wa Coventry hukulazimisha kubeba, pamoja na samli yake, inaweza kuishia kwenye pipa bandarini. Mpe heshima yake, mzile zote kabla ya kupanda.

Wanaoendesha meli hizo

Wengine husema hili halihusu uchaguzi wa abiria. Mimi nalihesabu. Mwaka 2005 Irish Ferries ilitaka kubadilisha mabaharia wake zaidi ya 500 kwa wafanyakazi wa wakala kutoka Ulaya Mashariki wenye mshahara mdogo. Baadhi ya mabaharia walijifungia ndani ya meli iliyokuwa Pembroke, na Desemba mwaka huo makumi ya maelfu ya watu waliandamana Dublin. Meli zilihamishiwa bendera ya Cyprus, yaani zikasajiliwa huko. Tarehe 17 Machi 2022 P&O iliwaachisha kazi mabaharia karibu 800 kwa siku moja, kwa ujumbe wa video. Siku chache baadaye wakaguzi wa Uingereza walizuia European Causeway kutoka Larne kwa sababu ya mapungufu ya usalama, na mwezi uliofuata, ikiwa imesharuhusiwa, ikapoteza nguvu za umeme na kuelea kwa muda nje ya Larne. Ilirekebishwa na inaendelea na kazi. Lakini ukishindanisha nauli mbili zinazopishana kwa pauni kumi, ni haki kujua moja imepunguzwa wapi.

Safari ikifutwa

Hapa ndipo watu wetu wanapopoteza pesa kwa kunyamaza. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1177 ya mwaka 2010 inawalinda abiria wa meli, na Uingereza imebaki na sheria kama hiyo. Safari ikifutwa, au kuondoka kukichelewa zaidi ya dakika 90, una haki ya kuchagua kati ya kusafirishwa kwa njia nyingine bila malipo ya ziada na kurudishiwa nauli. Kuchagua ni kwako, si kwa kampuni. Ukilazimika kulala, hoteli inalipwa hadi euro 80 kwa usiku, siku zisizozidi tatu, isipokuwa kama sababu ni hali ya hewa ya hatari.

Fidia ya kuchelewa kufika ni jambo la pili. Kwa safari ya hadi saa nne, kama ya Holyhead, ukichelewa kufika saa moja unadai robo ya nauli, na ukichelewa zaidi ya saa mbili unadai nusu. Kwa safari ya zaidi ya saa nane hadi 24, kama ya Liverpool kutoka Belfast ikipita saa nane, au ya Cherbourg, kizingiti ni saa tatu, na nusu ya nauli baada ya saa sita. Dhoruba inaifuta fidia hii, lakini haiifuti haki ya kurudishiwa nauli.

Kampuni zenyewe zimejaribu kubishana. Mwaka 2018 W.B. Yeats ilichelewa kutoka kwenye karakana ya Ujerumani, Irish Ferries ikafuta safari za maelfu ya abiria, na mamlaka ya usafiri ya Ayalandi ikasema kanuni ile inawahusu. Kesi ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Septemba 2021 majaji walisema kucheleweshewa meli mpya si jambo la ghafla lisilozuilika, hivyo abiria wana haki zao.

Dai lako liandike kwa kampuni ndani ya miezi miwili tangu siku ya safari, ukiambatisha tiketi na ujumbe wa kufutwa, kwa hiyo ile SMS usiifute. Kampuni ina mwezi mmoja wa kukuambia imekubali, imekataa au inaendelea kuangalia, na miezi miwili ya kutoa jibu la mwisho. Wakikaa kimya, kwa safari zilizoanzia Ayalandi unapeleka malalamiko National Transport Authority, Dublin, na kuyapeleka ni bure.